Mgeni Asiyetaka Jirani

Mgeni akiuliza kama kwetu kuna baridi, usimjibu "kidogo." Hilo tulijifunza kwa hasara. Mume na mke kutoka Dar waliuliza kabla ya kuja, mama akawajibu "kidogo tu." Kwa mama, aliyezaliwa na kukulia huku juu kwenye njia ya Shume, huo ulikuwa ukweli mtupu. Ulikuwa mwezi wa saba na vidole vyake bado vilikuwa vinahisi, basi baridi ilikuwa kidogo. Wale watu walishuka kwenye gari na kandambili. Usiku wa pili walilala wamejifunga mapazia. Asubuhi wakakimbia, na pazia moja likaenda nao. Mpaka leo sijui kama walilisahau mwilini au walilichukua kama ushahidi.

Aliyefurahi kuliko wote ni mjomba, kaka yake mama. Nyumba yenyewe ni ya marehemu babu, ipo hatua chache juu ya kwetu, ina bati jekundu na veranda inayotazama bonde. Baba yuko kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, tunamwona kwa nadra kama mwezi wa Idi, na mama alikuwa amemwomba mjomba amwachie ile nyumba aipangishe kwa watu wa likizo. Mjomba yeye aliitaka iwe stoo ya viazi. Siku pazia lilipoondoka alikuja akakaa verandani, akanyoosha miguu.

"Mdogo wangu," akasema, "viazi havilalamiki baridi."

"Kaka, nipe mgeni mmoja tena."

"Mmoja. Huyo naye akikimbia kabla ya siku zake kwisha, naleta magunia."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sufuria ya chai. Nikasema viazi navyo vikikaa sana huota miguu vikaondoka. Hakuna aliyecheka. Kwetu vipaji havithaminiwi.

Basi mgeni wa mwisho akaja kwa meseji. Mimi ndiye katibu wa nyumba ile kwa sababu nipo kidato cha tatu na najua kuandika "tunaomba" na "tafadhali" bila kutetemeka. Simu ni ya mama. Mama anasema, mimi napiga pasi maneno yake, natuma.

Meseji ya kwanza ilikuwa: "Habari. Nyumba iko wazi?"

Mama akainua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachagua. "Kwa nini anauliza kama iko wazi? Nani anaacha nyumba wazi?"

"Mama, anauliza kama haina mtu."

"Ndiyo hapo hapo. Kwa nini anataka nyumba isiyo na mtu?"

Nikajibu kwamba ipo na anakaribishwa. Akaandika tena: "Majirani wako mbali kiasi gani?" Kabla hatujajibu, nyingine: "Nitakuwa peke yangu wiki nzima, Jumapili mpaka Jumapili. Naomba pasiwe na watu wa kuja kuja. Mlango wa nyuma unafungwa kwa ndani?"

Mama akaacha maharage kabisa. Mimi moyoni nilikuwa nimeshamvalisha pingu. Wezi wa mjini wanapotafutwa wanajificha wapi? Milimani. Nani anauliza mlango wa nyuma? Mtu anayetegemea kutoka kwa haraka.

"Muulize kazi yake," mama akasema. "Lakini kwa adabu."

Nikaandika: "Tunaomba kujua shughuli yako ili tukuandalie mazingira mazuri." Nilijipongeza kwa ile sentensi. Waziri angeisaini. Jibu likaja: "Sina shughuli. Napumzika tu."

"Mtu mzima, wiki nzima, anapumzika," mama akasema polepole, kama anayeonja mboga iliyochacha. "Amechoka na nini?"

Kesho yake nikiwa shuleni, mama alishindwa kuvumilia, akamwandikia mwenyewe. Niliporudi nilimkuta uso umebadilika. Akaniambia maskini mgeni amefiwa na mama yake, ndiyo kwanza wametoka kuzika, anatafuta mahali pa kutulia. "Nimemshukuru kwa kutuambia," akasema, "maana si kila mtu atakufungulia moyo wake kwenye simu."

Mimi sikushukuru chochote. Mjomba alipopita jioni na kusikia, naye hakushukuru.

"Aliyefiwa anakimbia watu?" akauliza. "Tangu lini?"

Hapo, lazima niseme, mjomba alikuwa na hoja. Kwetu ukifiwa huachwi. Watu wanajaa mpaka unatamani ufe wewe upumzike. Wanalala sebuleni, wanapika uani, wanakuuliza umekula, wanalia pale ulipotaka kulia wewe. Mtu wa kufiwa kisha akatafuta nyumba isiyo na jirani, yenye mlango wa nyuma, hatujawahi kumwona. Ama ndugu zake wamemfukuza msibani, ama hakuna msiba. Mimi niliongeza la tatu, kwamba labda yeye ndiye aliyesababisha msiba. Mama akanirushia mwiko. Nilivyoona alivyokosa shabaha, nikajua na yeye ameshaliwaza hilo.

Jumapili akaja. Mwanamume wa makamo, shati jeupe, msalaba mdogo shingoni, begi moja. Nikampa shikamoo, akaitikia "marahaba" bila kunitazama. Mama akampokea kwa mikono miwili, akamwambia karibu, akampa na pole ya safari. Mgeni akatoa kwenye mfuko boksi la majani ya chai aliloleta kama zawadi, maana ndivyo alivyolelewa, nafikiri, hata kama hakutaka kutuona. Mama akalipokea akiinama.

"Hongea," akasema. "Hongea sana."

Yule mtu akamkazia macho. Nilikuwa karibu, niliona. Uso ulifunga kama duka wakati wa swala. Akachukua ufunguo, akaingia, na tukasikia komeo la mbele, halafu komeo la nyuma, halafu madirisha, moja moja.

"Umeona?" nikamnong'oneza mama.

"Nyamaza," akasema. Lakini alikuwa ameona.

Siku zilizofuata tulichunguzana pande zote mbili. Mama akipeleka chakula, mgeni anafungua mlango upana wa sahani. Siku moja sahani ilirudi safi, mama akafurahi, akasema "hongea," mgeni akafunga mlango kabla neno halijaisha. Siku nyingine alikuja mwenyewe kutuambia bomba la bafuni linavuja. Mama akamwambia "hongea kwa kutuambia." Akageuka akaenda zake akitikisa kichwa, na mimi nikarekodi akilini: mtu anaambiwa asante, anakasirika. Huyo si mtu wa kawaida. Huyo hata mbinguni atataka chumba cha peke yake.

Mjomba naye hakutulia. Kila asubuhi alipita barabara ya chini akijifanya anakwenda kuangalia kabichi, na kabichi zake ziko upande wa pili wa kilima. "Bado yupo?" ananiuliza. "Yupo mjomba." "Mh." Ile "mh" ilikuwa na gunia ndani yake.

Halafu Jumatano nikasikia sauti ya mwanamke.

Nilikuwa nimetoka shule, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti ya migomba. Nimebeba kikapu cha mapeasi. Mapeasi yalikuwa kisingizio. Ukibeba kikapu unaweza kupita chini ya dirisha la mtu yeyote duniani. Ndani ya nyumba ya babu mwanamke alikuwa anaongea. Sikuyapata maneno vizuri, ila alikuwa anafoka kidogo, kama mtu anayemjua sana anayeambiwa. Mgeni akacheka. Akanyamaza. Mwanamke akaanza tena.

Nilishuka kwa mama bila kikapu. Mpaka leo mapeasi yale nayadai.

"Ana mwanamke ndani!"

"Nani?"

"Mgeni! Alimpitisha mlango wa nyuma. Ndiyo maana aliuliza!"

Mama alisimama na kujitanda ushungi kwa namna ambayo nilijua tumefika. Mtu kuwa jambazi angeweza kuvumilia, jambazi ana shida zake. Lakini kuingiza mwanamke kwa siri kwenye nyumba ya marehemu babu, ambaye alikuwa anaadhini msikitini! Na mjomba akijua? Si magunia tu, angetusomea na hotuba.

Akapanda. Nikamfuata. Akabisha hodi ile ya mkono mzima.

Mgeni akafungua, safari hii mlango wote. Macho mekundu. Simu mkononi.

"Mgeni wetu, samahani," mama akasema. "Humu ndani kuna mwanamke?"

Akatutazama, mama kwanza, kisha mimi, kisha tena mama.

"Yupo," akasema. "Mama yangu."

"Si ulisema amefariki?"

"Amefariki." Akabonyeza simu, akaiinua kati yetu. Sauti ile ile ikatoka: "Umekula? Usinidanganye. Wewe ukisema umekula najua umekunywa chai. Kula, baba, halafu unipigie." Ikakatika. Alikuwa anasikiliza sauti alizotumiwa na mama yake, moja baada ya nyingine, kwenye nyumba aliyoitaka isiwe na jirani.

Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nilitamani ukungu uingie unifunike.

"Nilikwambia nimemzika," mgeni akasema, "ukanipongeza. Nimetunza meseji. Nikasema labda kidole kimeteleza. Nikaja. Nimefika tu, ukanipongeza tena, uso kwa uso. Nikila unanipongeza. Bomba likivuja unanipongeza. Mama, nimekukosea nini? Kesho asubuhi naondoka."

Mama akanigeukia, hajaelewa hata neno moja. "Nimempongeza mimi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Haikuwa kwa kupenda. Ilinitoka kama chafya, maana nilielewa yote kwa pamoja na hapakuwa na nafasi ya kutosha ndani yangu. Mgeni alinitazama kama anayetafuta kitu cha kunipigia.

"Shikamoo," nikasema haraka, maana sikujua pa kuanzia. "Ni Kisambaa. Hongea ni Kisambaa! Ni asante. Mama alikuwa anasema asante."

"Asante?"

"Hongea sana, asante sana. Haina herufi r. Nyie ya kwenu ndiyo ina r."

"Kwenye meseji ina r," mgeni akasema. "Nimeisoma mara mia." Akatafuta, akatuonyesha. Kweli ilikuwepo. Chini ya meseji yake ya msiba, mama alikuwa amejibu: "Hongera sana kwa kutuambia."

"Mimi sikuandika hivyo!" mama akasema. Nikachukua simu yake, nikaandika h-o-n-g-e-a mbele yao wote wawili, nikaacha nafasi. Simu ikairekebisha yenyewe, kwa kiherehere, kama yule mwanafunzi wa mbele anayemsahihisha mwalimu. Hongera.

Mgeni aliangalia. Lakini ukishamshuku mtu tangu Jumapili huwezi kumwacha hivi hivi Jumatano. "Mnaweza kuwa mmepanga," akasema.

Hapo hapo barabarani akawa anapita bibi jirani, mjane, amebeba majani ya ng'ombe, mzigo umemwelemea upande. Mgeni akatuacha mlangoni. Akashuka mpaka kwa bibi, akampokea mzigo bila kusema kitu, akamrudishia kichwani ukiwa sawa. Tulimwona anasimama kusubiri, kama mtu aliyetega mtego.

"Hongea mjukuu wangu," bibi akasema. "Hongea sana. We mwana wa nani?"

Mgeni aliketi palepale kwenye ukingo wa barabara. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, ukungu ulikuwa mwingi na mimi si shahidi mzuri wa mambo hayo. Bibi akamuuliza mama kwa Kisambaa huyu ana nini. Mama akamjibu. Bibi akatua mzigo chini, wote, na mikono yake ikaenda kichwani.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Bado. Mama alikuwa ameelewa jambo moja tu: mtu amefiwa, yuko kwenye nyumba yake tangu Jumapili, na hajapewa pole. Hilo kwa mama ni kubwa kuliko meseji. Nilimwambia mgeni alisema hataki watu. Akanijibu, "Alisema hivyo kwa sababu alidhani sisi ni watu wabaya." Nikamwambia alisema hivyo hata kabla ya kutujua. Akanituma maji.

Alhamisi asubuhi begi la mgeni lilikuwa verandani, limefungwa. Akilini nilishaiona njia nzima ya kwenda shule imejaa magunia ya mjomba. Kisha nikaona nguo. Kanga zilikuwa zinapanda kutoka chini, moja, tatu, kundi. Bibi wa majani alikuwa mbele. Walikuja na makande kwenye ndoo, sukari, mkungu wa ndizi, na mzee mmoja wa msikitini akiwa na fimbo. Shule niliiahirisha, suala la kitaifa lilikuwa linatokea kwetu.

Mgeni alitoka akakutana nao mlangoni. Alirudi nyuma hatua moja. Nilijua anawaza mlango wa nyuma. Lakini bibi alishamshika mkono kwa mikono yake miwili, anamwambia pole, pole sana mjukuu wangu, na mwenzake naye pole, na mwenzake, na ukishikwa mkono na wanawake wa kwetu kwa foleni huwezi kufika mlango wowote. Wakaingia. Wakakaa sakafuni. Hakuna aliyemuuliza kitu kuhusu yeye. Walimuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa mkali," akasema.

"Afadhali," bibi akajibu. "Wapole wanasahaulika."

Akacheka, kisha akalia kwelikweli, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakufunga chochote kwanza. Mzee akasoma dua fupi, akasema kila mmoja aitikie kwa imani yake. Mgeni akasema amina, akigusa ule msalaba.

Sasa katikati ya hayo mjomba akatokea. Alikuwa na mfanyabiashara wa viazi na futi ya kupimia. Mtu fulani, na ninamshuku mtu fulani, alikuwa amemwambia kwamba mgeni anaondoka leo. Alipanda ngazi akiwa anaongea kwa sauti, "ukuta huu tukiutoa, gunia zinapangwa mpaka pale," halafu akaona viatu. Viatu kila mahali, mlangoni, kwenye ngazi, vimepangwa vile vinavyopangwa sehemu moja tu duniani.

"Nani amekufa?" akauliza, sauti imeshuka mpaka tumboni.

"Mama wa mgeni," nikasema. "Vua viatu, mjomba."

Ungefanyaje? Huwezi kupima ukuta msibani. Akaficha futi mfukoni, haikuingia yote, ikachungulia. Akaingia, akatoa pole, akakaa. Mfanyabiashara naye akakaa. Wakapewa makande. Mama alikuwa anamimina chai, na kila alipomwona kaka yake alimmiminia kikombe kilichojaa.

Mjomba akala kwa heshima. Akafuta mdomo. Halafu akashindwa.

"Nasikia, mgeni wetu," akasema kwa upole ambao sijawahi kumwona nao, "leo unatuacha."

Mama alisimama na birika mkononi, hamtazami mtu. Niliacha utani wote, nikatazama lile begi kule nje. Mgeni naye alilitazama.

"Nilipanga hivyo," akasema. "Nilitaka mahali pasipo na watu." Akamwangalia bibi, aliyekuwa ameshalala usingizi akiwa amekaa, mkono bado umemshika kiganja. "Lakini huyu bibi amesema kesho anakuja tena. Sasa atamkuta nani? Nitaondoka Jumapili, kama tulivyoandikiana."

Mjomba akageukia mfanyabiashara. Mfanyabiashara alikuwa anaomba makande mengine.

Mgeni aliondoka Jumapili kweli, saa ya magari ya Tanga, na begi lilikuwa zito kuliko alivyokuja nalo kwa sababu ya ndizi. Nyumba imebaki kwa mama. Mjomba anasema ni kwa sasa. Bado anapita barabara ya chini asubuhi akienda kwenye kabichi ambazo haziko huko, na akifika usawa wa nyumba ya babu anapunguza mwendo, macho yanatembea kwenye ukuta kutoka kona mpaka kona. Namsalimia, "Shikamoo mjomba," kwa nguvu, ajue namwona anavyopima.